Tangazo la Viatu Namba Arobaini na Moja

Ghorofa ya chini ya lile jengo la maduka, ikifika saa nne asubuhi, hapapitiki. Huku mabegi, kule vitambaa, na katikati meza za mafundi simu zimebanana, kila moja na taa yake ya kuinamia na kisahani cha skrubu. Binti yangu alikuwa ametoka kununua zipu. Alivaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, mabega yamejaa kama puto, na shingoni kilining'inia kipimo cha kushonea maana alikisahau alipotoka kazini. Mbeba katoni akampamia. Simu ikamtoka mkononi, ikateleza sakafuni mpaka chini ya meza ya fundi mmoja kijana, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

Fundi aliinama akaiokota. Kioo kilikuwa kizima, ila simu ilikuwa inaimba habari za sabuni.

"Dada, unasikiliza tangazo la dakika mbili?"

"Sisikilizi. Linajisikiliza lenyewe."

Binti yangu akamweleza. Yeye ni fundi cherehani, na mitindo mipya anajifunza kwenye video. Mguu uko kwenye pedali, mikono miwili imeshika hariri, anasubiri kuonyeshwa namna ya kukunja kola, mara mtu anaanza kumwimbia sabuni. Akiachia mkono abonyeze "ruka", kitambaa kinakwenda kombo.

"Kwa hiyo unalisikiliza mpaka mwisho?"

"Wimbo wote naujua. Hata kiitikio."

Kijana akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. Akasema ipo programu ya kuzuia matangazo, anaweza kumwekea sasa hivi. Alipokuwa anaiweka akamtazama shingoni akamuuliza kama huwa anapima watu barabarani. Binti yangu akajishika, akakuta kipimo, akajibu kwamba huwa anapima mafundi wanaouliza maswali mengi. Tangu siku hiyo kijana akamwita Sindano. Yeye akamwita Fundi. Kijana naye kuna siku alimwita Fundi, maana wote wawili ni mafundi, na ukiwasikia kwenye simu hujui nani anamwita nani.

Nayaandika haya kama walivyonisimulia wao wenyewe baadaye, kila mmoja kwa upande wake, pamoja na yale niliyoyafanya mimi mama mtu, ambayo hakuna aliyehitaji kunisimulia.

Basi, wenye video hawakulala. Wao wanaishi kwa matangazo hayo, siwalaumu. Siku ya tisa video ya Sindano ikagoma, yakatokea maandishi: tumegundua unazuia matangazo, zima kizuizi au ulipie. Akarudi kwa Fundi. Fundi akatafuta toleo jipya la kizuizi, matangazo yakakatika. Baada ya wiki mbili wenye video wakapata dawa yake, kiduara kikawa kinazunguka tu bila kufunguka. Akarudi tena. Wakubwa hao wanapigana huko wasikojulikana, na huku wawili wanapata sababu ya kuonana.

"Wamenishinda tena," Fundi alikuwa anasema akimwona anakuja.

"Wewe unashindwa sana kwa mtu anayejiita fundi."

"Nikishinda moja kwa moja, utakuja kufanya nini hapa?"

Na kweli. Fundi alikuja kuniambia kwamba dawa alikuwa nayo tangu mara ya pili. Angeunganisha simu ya Sindano na akaunti yake mwenyewe, awe anairekebisha akiwa palepale mezani kwake, bila mtu kupanda wala kushuka. Alingoja mpaka safari ya tano, walipokwisha kukubaliana kwamba ni wapenzi. Siku alipoziunganisha alimwambia, "Sindano wangu, simu zetu zimeoana kabla yetu."

Binti yangu alinirudia na maneno hayo uso unang'aa. Mimi sikuyapenda. Nilisema moyoni, mwanamume anayeingia kwenye simu yako akiwa mbali, ataona mangapi. Sikufikiria kwamba mlango ukiwa wazi, hata wewe unaona ndani kwake.

Shida ilianzia meza ya tatu kutoka kwa Fundi. Pale alikaa mwanamke anayeuza manukato, mrefu kupita wanaume wengi wa jengo lile, suruali pana za hariri, vidani vya dhahabu, na kicheko kinachosikika mpaka kwenye mabegi. Akimpita Fundi lazima ampulizie kitu mkononi. Sindano alikuta hivyo mara mbili. Mara ya tatu akashindwa kunyamaza.

"Hayo manukato anauza au anakuogesha nayo?"

"Ananijaribishia tu, mpenzi."

"Akajaribishie ukuta. Ukuta hauna mchumba."

Fundi akacheka, akanyoosha mkono aunuse mwenyewe aone kama unanukia mapenzi. Binti yangu akaunusa. Aliniambia ulinukia vizuri, na hapo ndipo roho ilipomuuma zaidi.

Niseme na langu. Baba yake aliondoka nyumbani binti akiwa na miaka sita. Nilijua siku nilipokuta kwenye begi lake kitambaa cha zambarau, kimekunjwa vizuri, ambacho sikushonewa mimi. Kuanzia hapo nikawalea wanangu kwa kuwafundisha kuangalia mifuko. Fundi alipoanza kuja nyumbani nilimpa chai na heshima zake zote, lakini jicho langu lilikuwa kwenye kola ya shati. Siku moja mvua ilinyesha, nikatoka uani miguu imelowa, nikapita barazani kwenye sementi kavu kuingia ndani. Nilipogeuka nikamwona Fundi amechutama pale barazani. Nikadhani anafunga kamba za viatu.

Ilikuwa Jumatatu, wiki iliyofuata. Wenye video wakabadilisha mambo yao, na kizuizi cha Fundi kikafa kabisa, si kwa Sindano tu, kwa wote aliowawekea. Matangazo yakarudi kama maji ya bomba lililopasuka. Sindano alikuwa anashona bitana ya koti, mikono imezama mpaka kwenye kiwiko, simu imeegemea kwenye kopo la vifungo. Likaja tangazo. Picha ya viatu vyeusi vya kike, kisigino kifupi, kifungo kidogo pembeni. Sauti laini ya mwanamke ikasema, "Bado unavifikiria? Namba arobaini na moja ipo. Rudi ulipoishia."

Binti yangu anavaa thelathini na saba.

Lile tangazo likaja tena. Viatu vilevile, sasa vimegeuzwa upande. Mara ya tatu vikaonyeshwa soli. Mpaka saa sita alikuwa ameviona mara kumi na moja, na akili ikaanza kumfungukia: simu zimeoana. Akaunti ni moja. Anachokitafuta Fundi kule, matangazo yake yanakuja huku. Siku zote kizuizi kilikuwa kinamficha, na yeye mwenyewe ndiye aliyekiweka.

Akampigia.

"Sindano wangu, najua, wamenishinda. Nipe mpaka jioni nitapata toleo jingine."

"Usihangaike. Yaache kwanza. Nataka kukuuliza, wiki hii ulikuwa unatafuta nini mtandaoni?"

Fundi aliniambia kwamba pale alitupa macho mezani kwake.

"Mambo ya kazi tu. Vioo. Betri."

"Betri."

"Ndiyo, betri. Kwani vipi, mpenzi?"

"Viatu je?"

"Viatu vya nini?"

"Haya. Endelea na betri zako."

Kosa la Fundi ni hilo tu, la betri. Hakuwa na jingine. Makosa mengine yote yanayofuata ni yetu.

Alikuja kwangu macho mekundu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda akanieleza. Mama mwenye akili angemwambia, mwanangu, muulize vizuri, mtazame usoni. Mimi nilisikia tu kile kitambaa cha zambarau kinanong'ona. Nikasema, "Namba arobaini na moja? Huyo mwanamke gani? Akivua viatu mlangoni watu si watadhani kuna magari mawili yamepaki?"

Binti yangu akacheka huku analia. Na mimi nikacheka, nikasukuma miguu yangu chini ya kiti.

Kisha nikamwambia, "Nenda kamtazame miguu yule wa manukato."

Alikwenda asubuhi yake. Alivaa lile gauni la kijani, akapaka wanja, akaenda kama mtu anayekwenda mahakamani. Meza ya Fundi ilikuwa tupu, taa imezimwa. Muuza manukato yupo, amekaa kwenye kiti kirefu, mguu juu ya mguu, ndara za dhahabu zinang'aa. Sindano akazisifia. Akauliza kama zinapatikana namba zote.

"Sijui za kwenu nyie wenye vijiguu," mwanamke akamjibu kwa furaha. "Mimi ni arobaini na moja, mdogo wangu. Madukani sipati. Mtu wangu ndiye ananitafutia mtandaoni, Mungu ambariki."

"Mtu wako."

"Mtu wangu. Wewe huna?"

"Nilikuwa naye," binti yangu akasema, akaondoka.

Kwenye ngazi za jengo lile, watu wanapanda na kushuka wanamgonga mabega, alisimama akatoa simu. Akafuta programu ya kizuizi. Akajitoa kwenye akaunti ya Fundi. Akamblok kwenye simu, akamblok kwenye meseji, akamblok kila mahali panapoblokika. Alisema kila alipobonyeza alisikia utamu fulani. Wivu una utamu huo, usinidanganye kwamba hauna. Ndiyo maana mtu hauachii.

Fundi hakuwa mezani kwa sababu alikwenda kuchukua mzigo wake. Alasiri akaja nyumbani, jasho linamtiririka, mkononi mfuko wa karatasi wenye kamba. Mimi ndiye niliyefungua mlango. Binti alikuwa ndani, ameshika mkasi hakati kitu.

"Shikamoo mama."

Nikaitikia nusu. Akauliza Sindano yuko wapi, maana simu haiingii. Nikamwambia hayupo.

"Basi mama, wewe ndiye niliyetaka kukuona hasa. Nilikuwa nimekuletea..."

"Usiniletee kitu. Kapeleke ulikozoea kupeleka."

Aliutazama mfuko, akanitazama mimi. Akasema, "Sawa mama," akageuka. Nikamwona mpaka anakata kona, mfuko unamgongagonga gotini, nikarudi ndani nikajisifu kwamba nimemlinda mtoto. Ningeuliza neno moja tu, kwenye huo mfuko kuna nini, nisingekuwa na la kuandika leo.

Zikapita siku tatu. Sindano akakonda. Alikuwa anashona koti lilelile, anafumua, anashona. Hakuna kizuizi, matangazo yanakuja yapendavyo: sabuni, sufuria, magodoro. Viatu havikuja tena kwa kuwa alishajitoa kwenye ile akaunti, na kila tangazo likianza alikuwa anashtuka, akiona ni sufuria anavuta pumzi. Mara mbili nilimkuta anaperuzi picha za yule mwanamke wa manukato, anazikuza miguuni.

Upande wa pili, Fundi alidhani mimi ndiye nimemkataa. Alikaa na mfuko chini ya meza, anaupiga teke kila akinyoosha miguu. Ni muuza manukato aliyemfumbua macho. Alikuja kumpulizia kama kawaida, akamkuta amelala kichwa juu ya meza, akamwambia kwamba mchumba wake alipita, msichana mzuri, ila ana maswali ya ajabu, alitaka kujua namba ya viatu.

Fundi akainua kichwa. "Namba ya viatu vya nani?"

"Vyangu."

Akakaa. Akakumbuka betri. Akakumbuka akaunti. Akashika kichwa kwa mikono miwili akacheka kicheko kisicho na furaha. Alipomweleza, mwanamke yule alicheka mpaka akashikilia meza, halafu akasema jambo ambalo Fundi hajalisahau.

"Ulizuia dunia nzima isimtangazie, ukasahau kujizuia wewe."

Alikuwa na mume dereva wa malori, huyo ndiye mtu wake wa kumtafutia viatu. Akajitolea kwenda kwetu kueleza. Fundi akakataa, kwa kuwa akimpeleka yeye mlangoni petu, mama mtu atarusha sufuria. Kwa hilo alinijua vizuri.

Sasa ampateje? Simu imefungwa, meseji zimefungwa, mlango una mimi. Njia moja tu ilibaki wazi kuingia kwa Sindano, na ni ile ambayo Fundi miezi yote alikuwa anaiziba. Akaenda akanunua tangazo.

Yeye, mzuia matangazo. Wenye video walimuuliza anataka lionwe na nani. Akachagua mtaa wetu. Akachagua watu wanaotazama mafunzo ya kushona. Na alijua, kuliko mtu yeyote, kwamba sekunde tano za mwanzo hakuna anayeweza kuruka. Sekunde tano ndizo alizokuwa nazo. Alikaa mezani kwake na karatasi, anaandika anafuta, anahesabu kwa saa ya ukutani.

Ijumaa asubuhi Sindano alikuwa ndani ya lile koti, mikono yote miwili kwenye bitana. Video ya kola ikakatika. Ukatokea uso wa Fundi, shati jeupe, taa ya kuinamia inamwakia shavuni. Akasema moja kwa moja:

"Sindano, viatu namba arobaini na moja ni vya mama yako."

Tano zikaisha. Kitufe cha kuruka kikatokea. Binti yangu alichomoa mkono mmoja, uzi ukakatika, kidole kikafika mpaka juu ya kitufe. Kikabaki hapo hewani.

"Nilipima nyayo zake barazani kwa shubiri, siku ile ya mvua," Fundi akaendelea. "Nilitaka nikija kukuposa nisije mikono mitupu kwake. Nikakudanganya betri ili iwe siri. Sina mwingine. Kama umefika hapa hujaruka, nifungulie simu."

Halafu kola ikaendelea kukunjwa.

Niko jikoni nasikia mlango. Akasimama mbele yangu, kipimo shingoni.

"Mama, unavaa viatu namba ngapi?"

"Thelathini na tisa. Si unajua."

"Mama."

"Thelathini na tisa, inategemea na kiatu."

"Toa miguu hapo chini ya kiti."

Jamani. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, baba yake alicheka miguu yangu mbele ya wageni. Na yule aliyekwenda naye alikuwa na vijiguu kama vya mtoto, nilimwona. Tangu hapo nikawa nanunua viatu peke yangu, na nikifika nyumbani nachukua kisu nakwangua namba kwenye soli. Wanangu wote hawaijui. Siku aliponiambia arobaini na moja, kitu kilinigonga kifuani, nikakizima kwa mzaha, nikawacheka wanawake wa miguu mikubwa na yangu nimeificha. Ningekuwa sioni haya, ule wivu ungeisha palepale kitandani.

Nikaitoa miguu. Akapiga magoti sakafuni, akanyoosha kipimo kutoka kisigino mpaka kidole gumba. Sentimita ishirini na sita.

"Ulimfukuza na mfuko mkononi," akasema.

"Nilimfukuza, mwanangu."

Alikwenda barazani akafungua simu, moja baada ya nyingine, kila mahali alipokuwa amefunga. Nilimsikia kupitia dirishani.

"Fundi."

"Naam, fundi." Alipokea kabla haijaita mara mbili.

"Umeitangaza miguu ya mama yangu mtaa mzima."

"Mafundi cherehani tu."

"Mtaa huu ndio hao hao."

"Nisamehe. Uliona wivu?"

"Niliona viatu."

"Mpenzi wangu, uliona wivu."

Akasema kwa sauti ndogo, "Karibu unitie wazimu. Nilikuwa nakuza picha za miguu ya mtu."

Fundi akataka kucheka, akajizuia, akaapa kwamba hatamdanganya tena hata kwa zawadi. Akauliza kama anaweza kuja Jumapili.

"Njoo. Mama anasema viatu vitangulie, wewe ufuate nyuma."

Sikusema hivyo. Lakini sikukanusha.

Kati ya Ijumaa na Jumapili walikuja mafundi cherehani watatu. Mmoja kuazima uzi, mmoja kuuliza saa, mmoja hakutafuta hata sababu. Wote walikaa wanaongea na uso wangu na macho yako chini. Nilivaa ndara nikawaachia watazame mpaka washibe.

Fundi alikuja na shati lile jeupe. Nilimwomba radhi mbele ya binti yangu, na haikuwa rahisi, maana ulimi wa mama haujazoea njia hiyo. Akachutama pale pale barazani, akashusha goti, akanivalisha mwenyewe, akafunga kile kifungo cha pembeni. Vilinikaa sawasawa. Hapo hapo chini, bila kuinuka, akageuka upande wa Sindano, akamwambia kwa kuwa amekwisha piga magoti kwa ajili ya mguu wa mama, aendelee tu na la pili. Akamuuliza kama atamkubali awe mume wake. Binti yangu akakishika kipimo shingoni kama siku ya kwanza, akasema ndiyo, atamkubali, lakini ainuke maana suruali ina pasi.

Kisha Fundi akaomba simu yake amrudishie kizuizi, kuna toleo jipya, wenye video bado hawajalijua.

"Kaunganishe akaunti tu," Sindano akamwambia. "Kizuizi usiweke. Acha yapite, niwe naona unachotafuta."

Tukacheka. Lakini nilimtazama nikaona hakuwa anatania sana, na nikajua hilo amelipata kwangu. Ndiyo maana naandika. Mama mwenzangu, binti akikujia na wivu mikononi, usimwongezee wako wa zamani. Na ninyi vijana, mambo ya mtandao leo yanafichwa, kesho yanaanikwa, na hamtaulizwa. Aliye na neno aulize mdomo kwa mdomo, na aliyeulizwa asijibu betri.

Viatu nimevivaa leo pia. Nikivigeuza, namba iko palepale kwenye soli. Sijaikwangua.